Safari ya Bagamoyo: Kuchagua Siku kwa Kutazama Mwezi

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kaa, madaftari yako wazi na kalamu ziko tayari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno haya ubaoni: kujaa, kupwa, bamvua, maji mafu, akiba. Tutakutana nayo yote leo. Kila nitakapolitaja moja, wanafunzi walitazame ubaoni na kulisoma.

Leo tutazungumza juu ya mapumziko ya pwani. Najua wako watakaocheka. Watasema mapumziko ni mambo ya matajiri na ya wageni wenye kofia za majani. Lakini watu wa kawaida nao huenda pwani na watoto wao wakati wa likizo ya shule. Wengine hurudi na furaha. Wengine hurudi na deni. Na wachache, Mungu atuepushe, hurudi na msiba, kwa sababu mtoto alichukuliwa na maji mchana kweupe huku wakubwa wakiwa hatua chache tu kutoka hapo. Mambo haya mawili ya mwisho, deni na msiba, yaweza kuzuiwa kwa hesabu ndogo inayofanywa nyumbani kabla ya mtu yeyote kufunga mzigo. Hesabu hiyo ndiyo somo letu.

Tuchukue mfano. Tuseme iko jamaa moja mjini Morogoro. Baba ni fundi cherehani. Mama anauza vitumbua asubuhi na maharage jioni. Bibi, mama yake baba, anakaa nao. Watoto ni watatu: mkubwa ana miaka 13, wa pili 9, na wa mwisho 5. Wote sita hawajui kuogelea. Wanataka kwenda Bagamoyo kwa siku tatu. Bibi anataka kuona bahari maishani mwake, na watoto wanataka kuoga.

Watu wengi huanza kwa kuuliza nauli. Mimi nataka tuanze na bahari. Nauli ikipanda mtaongeza pesa. Bahari ikipwa hakuna wa kumwomba airudishe.

Mtu wa bara akisikia neno bahari hudhani ni kama bwawa kubwa, maji yako pale pale siku zote. Sivyo. Kila siku maji ya bahari hupanda mara mbili na kushuka mara mbili. Yakipanda tunasema maji yamejaa. Yakishuka tunasema maji yamekupwa. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika chache.

Anayeyavuta maji hayo ni mwezi, na jua humsaidia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa karibu katika mstari mmoja. Mwezi na jua huvuta pamoja, kama watu wawili wanaovuta kamba upande mmoja. Ndipo maji hupanda sana na kupwa sana. Maji hayo huitwa bamvua. Katika pwani ya Dar es Salaam na Bagamoyo, wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3 na zaidi. Ni kama kimo cha mtu mzima aliyesimama juu ya mabega ya mwenziwe. Mwezi unapokuwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi upande wake. Nguvu hupungua. Maji hupanda kidogo na kushuka kidogo, kiasi cha mita 1 tu. Hayo ndiyo maji mafu.

Sasa tazameni ufuko wa Bagamoyo. Hauna mteremko mkali. Ni mchanga uliolala, unaokwenda mbali polepole. Kwa hiyo maji yakishuka mita 3, bahari huondoka ufukoni ikaenda mbali sana. Mashua na majahazi hubaki yamekaa juu ya mchanga, yameegama ubavu. Mgeni hufurahi. Husema, kumbe bahari imekauka, twendeni tukaokote makome. Watoto hukimbia mbele, na wazazi huwafuata au hukaa kivulini.

Hapo ndipo hatari ilipo. Maji yanaporudi hayarudi kwa mstari mmoja kama jeshi linalopiga gwaride. Huingia kwanza penye mabonde madogo ya mchanga, na mabonde hayo yaweza kuwa nyuma yako. Mtu amesimama juu ya fungu la mchanga mkavu, anatazama bahari mbele yake, na kumbe maji yamekwisha kupita kati yake na nchi kavu.

Na hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika zile saa sita, saa ya kwanza hupanda kidogo. Saa ya tatu na ya nne hupanda upesi mno. Katika saa hizo mbili za katikati, hupanda nusu ya kimo chote. Haya, hesabuni. Nusu ya mita 3 ni mita 1 na nusu. Mtoto wetu wa miaka 5, kimo chake ni mita 1 na kidogo. Mahali palipokuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu, baada ya saa mbili maji yatapita kichwa chake.

Ni saa ngapi hizo? Siku ya mwezi mpevu, katika pwani yetu hii, maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na hujaa karibu saa 10 jioni. Saa ya tatu na ya nne baada ya kupwa ni kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Wakubwa wanafanya nini wakati huo? Wamemaliza kula wali na samaki. Wamejinyoosha chini ya mti. Wengine wamelala.

Mwalimu, nakuomba usimamishe redio dakika tano ili wanafunzi waandike saa hizo: saa 4 asubuhi, saa 6 mchana, saa 8 mchana, saa 10 jioni.

Haya, tuendelee. Kila siku inayofuata, saa ya kujaa na saa ya kupwa huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Ndiyo kanuni yetu. Tuseme leo mwezi ni mpevu na maji yamejaa saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Baada ya siku 7 itakuwaje? Zidisheni 50 kwa 7. Mtapata dakika 350. Dakika 350 ni saa 5 na dakika 50. Basi maji yale ya alfajiri, siku hiyo ya saba, yatajaa karibu saa 4 asubuhi kasoro dakika 10. Na siku ya saba mwezi utakuwa nusu, yaani ni wakati wa maji mafu.

Kwa jamaa isiyojua kuogelea, hii ndiyo siku yao. Asubuhi, jua halijawa kali, bahari iko karibu, mkondo ni dhaifu, na maji hayatapanda wala kushuka kwa kishindo. Ndugu zetu Waislamu wana njia nyepesi zaidi. Watazame tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Tarehe 14 na 15 ni mwezi mpevu, kwa hiyo ni bamvua. Tarehe 7 au 8, na tena 22 au 23, ni nusu mwezi, kwa hiyo ni maji mafu. Asiye na kalenda hiyo atoke nje usiku atazame juu.

Kanuni hii ni ya kukadiria. Yaweza kukosea nusu saa, na pengine zaidi, na bamvua yenyewe huwa kubwa zaidi siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Mkifika Bagamoyo, nendeni penye soko la samaki mkamwulize mvuvi: “Mzee, shikamoo. Maji yanajaa saa ngapi leo?” Atawajibu bila kutazama saa. Mamlaka ya Bandari nayo huchapisha jedwali la maji kwa mwaka mzima.

Na hata siku ya maji mafu, watoto wawe na mlinzi. Andikeni zamu kwenye karatasi: baba saa moja, mama saa moja. Mwenye zamu asishike simu, asipike, asizungumze na mgeni. Asimame ndani ya maji, karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono. Maji yasipite kiuno cha mtoto. Wote waburute miguu mchangani badala ya kuinua hatua, maana samaki aitwaye taa hupenda kujificha kwenye mchanga, na ana mwiba mkali mkiani. Akisikia miguu inaburuta hukimbia. Na pale Mto Ruvu unapoingia baharini, kaskazini ya mji, msioge kabisa. Kuna viboko na mamba.

Nimetaja Mto Ruvu. Watu wa Morogoro, mto huu ni wenu. Unaanzia katika Milima ya Uluguru, juu ya vichwa vyenu, unashuka, unawapa Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji ya kunywa, kisha unamwaga baharini karibu na Bagamoyo. Mgeni akilalamika kwamba maji ya Bagamoyo si meupe kama ya Unguja, sababu ni hiyo: mto huleta tope. Udongo unaochukuliwa na mvua katika mashamba ya mteremko kule Uluguru unakuja kulala hapa. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, tope huzidi. Likizo ya katikati ya mwaka, mwezi wa Juni, masika yamekwisha na hewa ni ya baridi kidogo. Pepo za kusi huvuma, hasa mchana, na huleta mawimbi. Asubuhi huwa shwari zaidi. Hii ni sababu nyingine ya kuoga asubuhi.

Sasa njia. Kutoka Morogoro ziko mbili. Mwaweza kwenda Dar es Salaam kwa basi, au kwa treni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 2024, kisha mkapanda gari linalokwenda kaskazini kwa Tegeta, Bunju na Mapinga. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70. Au mwaweza kwenda hadi Chalinze, mkashika barabara ya kaskazini mpaka Msata, kisha mkapinda kulia kwa barabara ya lami ya kilomita 64 inayoshuka Bagamoyo. Njia hii ya pili haina msongamano wa magari ya mjini, na mtavuka Ruvu darajani. Lakini yaweza kuwalazimu kubadili gari mara mbili. Bibi apimwe kwanza, mizigo baadaye. Kama miguu ya bibi haiwezi kupanda na kushuka, chagueni njia yenye kubadili mara chache, hata kama ni ndefu.

Na pesa. Bei nitakazotaja ni za mfano, za kujifunzia hesabu. Ninyi mtauliza bei za siku yenu. Tuseme nauli ya mkubwa ni shilingi 12,000 na ya mtoto ni nusu yake. Wakubwa ni 3, watoto wa kulipa ni 2, na mdogo anapakatwa. Wakubwa 36,000, watoto 12,000, jumla 48,000. Kwenda na kurudi ni 96,000. Vyumba viwili, kila kimoja 30,000 kwa usiku, kwa siku mbili, ni 120,000. Chakula shilingi 40,000 kwa siku, siku tatu, ni 120,000. Viingilio na matembezi, 30,000. Jumlisheni. Mtapata 366,000. Ongezeni 40,000 ya dharura, kwa sababu mtoto aweza kuugua na gari laweza kuharibika. Jumla ni 406,000.

Shilingi laki nne na zaidi kwa fundi cherehani si kitu cha mchezo. Lakini igawanyeni kwa miezi 7. Ni 58,000 kwa mwezi. Gawanyeni tena kwa wiki 4. Ni 14,500 kwa wiki. Hapo baba na mama wakae, wazungumze kweli. Je, twaweza kuweka 14,500 kila wiki bila kugusa ada, chakula na dawa? Kama jibu ni hapana, punguzeni siku au ongezeni miezi. Msikope. Nimeona watu wakilipa deni la siku tatu kwa mwaka mzima. Akiba iwekwe mahali pamoja, katika kibubu au katika simu, na wote wawili wajue kiasi kilichomo.

Nauli ya kurudi, zile 48,000, zifungwe peke yake siku ya kuondoka, akabidhiwe bibi. Wazee hawashawishiki na vinyago vya sokoni.

Nyumba ya wageni msiilipie yote kabla ya kuiona. Pigeni simu, ulizeni bei ya chumba, maji, na kama kuna vyandarua, maana pwani ina mbu wa malaria. Halafu jambo moja ambalo akina baba hulisahau. Kama mama atabeba sufuria kutoka Morogoro, apike asubuhi, mchana na jioni, afue nguo zenye mchanga, basi mama hakupumzika. Amehamisha jiko tu. Katika zile 40,000 za chakula wekeni angalau mlo mmoja kila siku wa kununua kwa mama lishe. Samaki wa kukaanga wa Bagamoyo hawana haja ya kusifiwa redioni.

Mchana, maji yanapoanza kupwa na jua ni kali, tokeni baharini mkatembee mjini. Misafara ya zamani ilipotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita karibu na Morogoro, penye mji wa Kisabengo ulioitwa Simbamwene. Kwa hiyo watoto wetu hawa watakuwa wamesafiri, kwa gari na kwa saa chache, njia ambayo wapagazi waliitembea kwa miguu wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Wengine hawakuja kwa hiari. Walikuja wamefungwa, wakavushwa kwenda Unguja kuuzwa. Ndiyo maana jina la Bagamoyo lina maelezo mawili. Wapo wasemao ni kubwaga moyo kwa raha, safari imekwisha. Wapo wasemao ni kuuacha moyo hapa, kwa sababu mtumwa hatarudi kwao tena. Wasimulieni watoto yote mawili.

Waonyesheni Ngome Kongwe, iliyojengwa mwaka 1860. Waonyesheni misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Katika mnara wa kanisa la zamani pale ililazwa maiti ya David Livingstone mwezi wa Februari 1874. Alikuwa amefia Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, mwezi wa Mei 1873. Waliomleta ni Waafrika, Susi, Chuma na wenzao, wakambeba kwa miguu karibu miezi 9. Kusini ya mji, kama kilomita 5, yako magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili na makaburi ya karne nyingi, nayo yamezungukwa na mikoko upande wa bahari. Wananchi hutozwa kiingilio kidogo kuliko wageni wa nchi nyingine, kwa hiyo chukueni vitambulisho.

Na yule mchanga uliolala, mrefu, wenye maji mafupi, ndio uliobadilisha historia ya nchi. Wajerumani waliweka makao yao makuu Bagamoyo. Lakini meli kubwa hazikuweza kusogea karibu na ufuko, zilitia nanga mbali. Mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, penye bandari yenye kina. Mkisimama ufukoni saa ya kupwa mtaielewa sababu hiyo kwa macho, bila kitabu.

Walio Dar es Salaam na hawana siku tatu, wanayo pwani ya Kunduchi na Mbezi, umbali wa gari moja au mawili. Kunduchi kuna makaburi ya zamani yenye nguzo, na kutoka huko boti huenda kisiwa cha Mbudya, ambacho ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Ukipanda boti, kila mtu avae jaketi la kuokolea, na la mtoto liwe la kipimo chake. Kama boti imejaa, subirini nyingine. Hesabu ya mwezi ni ile ile.

Sasa kazi ya nyumbani. Andikeni. Tuseme mwezi ulikuwa mpevu siku ya Jumatatu, na maji yalijaa saa 10 alfajiri. Jamaa yetu inafika Bagamoyo Ijumaa jioni, na inataka kuoga Jumamosi. Je, Jumamosi asubuhi maji yatajaa saa ngapi? Yatapwa saa ngapi? Na chakula cha mchana wakile saa ngapi, ili baba na mama wasilale wote wawili wakati maji yanarudi? Andikeni majibu kwa sentensi kamili, si kwa tarakimu peke yake. Mwalimu atakusanya madaftari, na juma lijalo saa kama hii tutasahihisha pamoja.

Kwaherini.